Tetemeko, Kinu na Mionzi: Tunamwambia Nini Msikilizaji wa Kasulu?

Katika makala haya tunakusudia kuchambua maneno machache yatumiwayo na magazeti na redio zetu zinapotangaza habari za matetemeko ya ardhi, za tsunami na za vinu vya nyuklia. Sarufi ya watangazaji hatutaigusa, maana kwa jumla ni nzuri. Shabaha yetu ni maana. Na msikilizaji tunayemfikiria ni mkulima au mwalimu wa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Huyu bahari yuko mbali nayo, na kinu cha nyuklia hajapata kukiona. Lakini anaishi kando ya Bonde la Ufa la Magharibi, na ardhi yake hutikisika. Mambo haya atayafahamu kwa Kiswahili, au hatayafahamu kabisa.

Neno tetemeko halina ugomvi. Zilizala limebaki zaidi katika lugha ya dini na ya ushairi. Warundi husema nyamugigima, neno ambalo wakimbizi waliopokewa katika kambi ya Nduta walikuja nalo hadi Kibondo, na Waganda husema musisi. Kama tungekuwa tunatafuta neno leo, kanuni ya kutazama lugha za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo ingetupeleka huko. Bahati njema tetemeko nalo ni la Kibantu. Matatizo huanza katika maneno yanayolifuata.

Tuchukue ukubwa. Tarehe 5 Desemba 2005 palitokea tetemeko chini ya Ziwa Tanganyika, la ukubwa wa 6.8. Nyumba zilianguka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na mtikisiko ukasikika hata Nairobi. Tarehe 10 Septemba 2016 likatokea la Bukoba, katika mkoa wa Kagera unaopakana na Kigoma, la ukubwa wa 5.9. Kwa hesabu za wataalamu, lile la ziwani lilitoa nishati zaidi ya mara 20 ya hili la Bukoba. Hata hivyo ni la Bukoba lililoua watu zaidi ya kumi na watano na kubomoa maelfu ya nyumba nchini mwetu, kwa kuwa lilitokea karibu na makazi. Sasa msikilizaji aliyeambiwa kwamba 6.8 ni kubwa kuliko 5.9 afanye nini na habari hiyo? Swali lake ni jingine: hapa Kasulu lilitikisa kiasi gani? Jawabu la swali hilo si ukubwa, ni ukali. Ukubwa ni tarakimu moja kwa tetemeko zima. Ukali hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na hupimwa kwa daraja kumi na mbili za Mercalli, kwa kutazama vyombo vilivyoanguka, kuta zilizopasuka na watu walioamshwa usingizini. Magazeti yetu huyatumia maneno haya mawili kama ndugu pacha. Tunashauri yatenganishwe tangu shuleni.

Kadhalika kitovu. Tetemeko huanzia chini sana ardhini, na juu ya mahali hapo, usoni mwa ardhi, pana pointi inayooneshwa kwenye ramani. Mahali pote pawili huitwa kitovu. Twaona kitovu kibaki juu, kwa kuwa hata kitovu cha mwili kiko nje, na kule chini paitwe chimbuko.

Lakini maneno yanayotutia wasiwasi zaidi ni yale ya nyuklia. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitokea baharini mashariki ya Japani. Katika kituo cha Fukushima Daiichi vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe, kama vilivyopangwa. Habari za "vinu vimezimwa" zilikuwa za kweli, na zilikuwa za kupotosha. Katika Kiswahili kilichozimwa kimekwisha: moto umezimwa, taa imezimwa, tulale. Yeyote aliyechoma tanuri la matofali anajua kwamba moto ukizimika tofali halishikiki siku hiyo wala kesho yake. Hata mfano huo hautoshi, maana joto la tanuri ni lile lililosalia tu, ambapo katika kinu kilichozimwa mabaki ya mpasuko wa urani huendelea kuzaa joto jipya kwa muda mrefu. Ndiyo sababu kinu lazima kiendelee kupozwa kwa maji. Umeme wa nje ulikatika kwa tetemeko. Jenereta za dizeli zikawaka. Baada ya kiasi cha dakika 50 yakafika maji ya kimo cha mita 14 hivi, mahali palipotayarishwa kuhimili mita 5.7, na jenereta zikazama. Fueli ya vinu vyote vitatu ikayeyuka. Basi tunapendekeza istilahi joto la masalio, na tunawaomba watangazaji wasiseme kinu kimezimwa bila ya kusema kama kinapozwa. Vilevile kilicholipuka kule ni gesi ya haidrojeni ndani ya majengo. Kusema "kinu kimelipuka" ni kumrudisha msikilizaji kwenye bomu la Hiroshima.

Tufike kwenye mionzi, neno zuri lililobebeshwa mzigo usio wake. Tunasoma kwamba mionzi imevuja, mionzi imeingia baharini, maziwa yana mionzi. Mwonzi ni kama wa jua: hutoka, hupenya au huzuiwa, nao huishia hapo. Mgonjwa anayepigwa picha ya eksirei hupata mionzi, na akitoka chumbani haendi nayo nyumbani. Kilichotoka Fukushima kikachukuliwa na upepo na mvua ni vitu vyenyewe, kama vile aidini-131, ambayo nusu yake huisha kwa siku 8, na sizi-137, ambayo huchukua miaka 30 hivi. Vitu hivi hutua juu ya majani, ng'ombe akala, mtoto akanywa maziwa. Tofauti hii ndiyo inayomwambia mtu afanye nini. Vumbi huoshwa, nguo huvuliwa, maziwa humwagwa, mwonzi hauoshwi. Kwa hiyo tunapendekeza vitu hivyo viitwe vitoamionzi, umoja kitoamionzi. Neno ni refu, tunakiri, na wenye jingine fupi walilete. Vitoamionzi huvuja, mionzi hupenya.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wajapani. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya pwani ya Kilifi nchini Kenya, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao. Katika shauri la namna hiyo mwananchi huulizwa kwa Kiswahili akubali au akatae, na kama mionzi ni kila kitu, basi wa kukubali na wa kukataa wote wanabishana gizani.

Pwani hiyohiyo ilifikiwa na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 kutoka Sumatra, iliyoua watu hata Kenya na Dar es Salaam, na wengi zaidi Somalia. Neno tsunami ni la Kijapani, lina maana ya wimbi la bandarini, nasi hatuoni haja ya kulifukuza. Tunachokataa ni kulifasiri kuwa "wimbi kubwa" kwa umoja. Maji hayo huja kwa mafungu, na la pili au la tatu laweza kupita la kwanza, wakati watu wamekwisha kurudi ufukweni kuokota samaki. Liandikwe mawimbi ya tsunami, kwa wingi, hata pale nafasi ya kichwa cha habari inapobana.