Mara 17 Haikuwa Hesabu

Mnaikumbuka makala ya betatrofini iliyotoka katika jarida la Cell mwaka 2013. Maabara ya Douglas Melton, Harvard, ilisema homoni hiyo inazidisha kugawanyika kwa seli beta za panya, zile za kongosho zinazotoa insulini, kwa wastani wa mara 17. Majaribio ya sukari yalifanywa vizuri. Kosa ni kuutanguliza wastani ule, na lilikuwa kosa tangu siku ya kwanza.

Tazameni kinachohesabiwa. Kongosho hukatwa vipande vyembamba, vikatiwa rangi ya insulini na ya Ki67, alama ya seli iliyo mbioni kugawanyika. Kwa panya aliyekomaa, seli beta zenye Ki67 ni adimu, aghalabu chini ya moja kwa mia. Ukihesabu seli 1,000 ukapata 3, hiyo ni asilimia 0.3. Seli nyingine 3 za kinga zilizolalia kisiwa, yaani kikundi cha seli hizo, zikihesabiwa kuwa beta, idadi imekuwa maradufu hapo hapo. Tena visiwa vya Langerhans havikusambaa sawa. Upande wa mkia, karibu na wengu, vimesongamana zaidi. Wastani wa panya wachache, wenye tofauti kubwa baina yao, hautoshi kutangazia homoni. Mfugaji wa Ngaremara hahesabu mbuzi wa kisima kimoja akatangaza mifugo ya Isiolo nzima.

Mtafiti Bo Hellman wa Uppsala, miaka ya 1950, alipima ujazo wa visiwa vyote vya kongosho la panya wa rika mbalimbali, bila kompyuta. Leo mashine inaskani slaidi nzima, na bado wapo wanaotosheka na vipande vitatu.

Nalirudia lile nisilochoka kulisema: eneo lenye rangi si idadi ya seli, na idadi si kazi. Seli beta iliyomwaga akiba yake ya insulini hupauka, nawe ukadhani imekufa. Na mwaka 1966 watafiti wa Geneva walieleza panya wa miiba, jamaa wa hawa wa mawe ya kaskazini mwa Kenya, waliokuwa na visiwa vikubwa kupindukia na bado wakanenepa na kuugua kisukari.

Mwaka 2014 Gusarova na wenzake walionyesha kuwa panya wasio na jeni ya betatrofini sukari yao ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2016 maabara zinazojitegemea, ya Melton ikiwemo, zilihesabu bila kujua panya yupi alipewa nini. Ongezeko halikuonekana, na mwishoni mwa mwaka huo makala ile ya Cell ikaondolewa. Kukubali kuhesabu upya kulikuwa uungwana.

Ndugu msomaji, ukikutana na "mara" kadhaa, uliza: panya wangapi, vipande vingapi, seli ngapi, na aliyehesabu alijua nini? Makala isiyojibu hayo manne, usiiamini.