Isabel Bayrakdarian na Ufunguo wa Sharakan

Pengine umeshamsikia Isabel Bayrakdarian bila kulijua jina lake. Ile sauti ya kike katika muziki wa filamu ya The Two Towers, kwenye wimbo unaoitwa Evenstar, ni yake. Hiyo ilikuwa 2002. Mwaka huohuo aliimba Metropolitan Opera, New York, kama Catherine katika A View from the Bridge ya William Bolcom. Mwaka huohuo tena ikatoka Joyous Light, albamu yake ya nyimbo za ibada za Waarmenia. Wahakiki wakifika kwenye hii ya tatu hupita mbio, ati kanisa ni pale soprano alipoanzia tu, kabla hajafika mjini.

Mimi naona ni kinyume. Bayrakdarian alizaliwa Lebanon katika familia ya Kiarmenia, akahamia Kanada akiwa bado kijana, na alianza kuimba kanisani. Chuo Kikuu cha Toronto alisomea uhandisi wa tiba, si muziki. (Sisi tulioacha chuo njiani turuhusiwe kutabasamu kidogo hapo.) Opera ndiyo iliyomkuta akiwa tayari na kanisa kooni.

Na kanisa lenyewe si jepesi. Nyimbo zake za ibada huitwa sharakan, na huimbwa kwa Kiarmenia cha kale ambacho hakuna mtu anayekizungumza nyumbani. Kwa karne nyingi ziliandikwa kwa alama ziitwazo khaz. Alama hizo bado ziko kwenye miswada, nzuri mno kutazama, lakini maana yake kamili ilipotea. Khaz ilikuwa ya kumkumbusha mtu aliyekwisha kufundishwa. Walimu walipokwisha, alama zikanyamaza. Mtu yeyote aliyeimba kwaya Kenya kwa solfa anaelewa: karatasi inakupa do na mi, lakini namna ya kuuvuta mstari wa mwisho unaipata kwa mwalimu wa kwaya, mara nyingi kwa kufokewa.

Komitas, padre na mwanamuziki, alihangaika miaka mingi akiutafuta ufunguo wa khaz. Aprili 1915 alikamatwa Istanbul pamoja na wasomi wenzake Waarmenia, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari. Alinusurika, ila akili yake haikupona, na alifariki Ufaransa mwaka 1935. Utafiti wake haukutufikia mzima. Bayrakdarian alirekodi nyimbo zake mwaka 2008, na ni kazi safi, ingawa pale anaimba zaidi mashamba na mapenzi kuliko madhabahu.

Sasa nirudi kwa Joyous Light. Ni albamu inayopendeza, na hapo ndipo shida yangu. Kila kitu kimepigwa pasi. Sauti inapanda, upatanisho wa Kizungu unaingia chini yake kama zulia, nawe unajikuta unamsifu mwimbaji badala ya kusikia sala. Sharakan haikuzaliwa na upatanisho huo; ilizaliwa na mstari mmoja wa sauti, pengine na noti moja nzito inayoshikiliwa chini bila kusogea, basi.

Mother of Light ya 2016, nyimbo za kumsifu Bikira Maria, inaelewa jambo hili vizuri zaidi. Selo ya Ani Aznavoorian imewekwa karibu naye, na inapotulia kwenye noti za chini, Bayrakdarian anaacha kujionyesha. Anaupunguza ule mtetemo mpana wa jukwaani. Mapambo madogo ya shingo ya wimbo, yale ambayo piano haiwezi kuyagusa kwa sababu yako katikati ya vibonye vyake, yanasikika. Huo ni ujuzi wa mtu aliyefundishwa kwa sikio, utotoni, na watu waliokuwa wakisali kweli.

Siku hizi anafundisha uimbaji Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko tuzo zake. Albamu, hata ile nzuri, ni khaz ya zama zetu: inabeba sauti, lakini haimwambii mwanafunzi pumzi ivutwe wapi, wala kwa nini hapa usiongeze nguvu hata kama unazo. Hayo yanahitaji mtu aliyeketi mbele yako akikukatiza. Ukitaka kusikia anachoweza kupitisha, anza na Mother of Light, usiku, bila kufanya kazi nyingine. Joyous Light isubiri.