Kupima Ubora wa Diski za Vipindi Adimu vya Doctor Who

Katika miaka ya 1960 na 1970 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta kanda nyingi za tamthilia yake ya Doctor Who, iliyoanza kurushwa mwaka 1963, kwa kuwa kanda za video zilikuwa ghali na ziliweza kurekodiwa tena, huku mikataba ya waigizaji ikizuia vipindi kurudiwa mara kwa mara. Sehemu kubwa ya vilivyosalimika ni nakala za filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe, zilizotengenezwa ili ziuzwe ng'ambo: kisa cha The Tomb of the Cybermen kilirudi kutoka Hong Kong mwaka 1991, na vipindi 9 vya The Enemy of the World na The Web of Fear, vilivyokutwa Jos, Nigeria, vilitangazwa mwaka 2013. Anayenunua diski ya vipindi hivi, basi, ananunua kazi ya mafundi wa urejeshaji, na kazi hiyo ndiyo ya kupimwa.

Cha kwanza kutazamwa ni mwendo. Nakala hizo zilipatikana kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, njia iliyopunguza picha 50 za kila sekunde hadi 25, na kwa hiyo ule ulaini wa matangazo ya moja kwa moja ukatoweka. Mbinu iitwayo VidFIRE huzijenga upya kwa kompyuta picha zilizokosekana katikati, na ustadi wake huonekana pale mwigizaji anapokatiza mbele ya kamera inayogeuka, vidole na ukingo wa bega lake vikabaki vikali bila kivuli cha kuvifuata. Hata hivyo, matukio ya nje ya studio kwa kawaida yalipigwa kwa filamu tangu mwanzo, kwa hiyo fundi makini huyaacha na mwendo wake wa kisinema, na anayelainisha kila kitu huwa ameharibu.

Usafi wa picha hauhitaji maelezo mengi, ila ijulikane kwamba programu ya kuondoa vumbi, ikiachwa bila msimamizi, hufuta pia cheche na matone ya mvua.

Rangi ndiyo fani inayostahili heshima kubwa zaidi. Baadhi ya vipindi vya miaka ya 1970 vilirekodiwa kwa rangi lakini vikabaki katika filamu nyeusi na nyeupe, ambayo bila kukusudiwa ilinasa vidoa vidogo mno vya mawimbi ya rangi, na kutokana na vidoa hivyo wataalamu waliweza kuikokotoa rangi ya awali. Katika The Mind of Evil, diski ya mwaka 2013, vipindi 5 vilirejeshwa hivyo, lakini cha kwanza hakikuwa na vidoa vya kutosha, kikatiwa rangi kwa mkono. Mtazamaji alinganishe ngozi za nyuso katika kipindi cha kwanza na cha pili: mshono ukiwa mgumu kuonekana, kazi ni ya hali ya juu.

Kwa vipindi visivyo na picha kabisa, sauti ilihifadhiwa na watazamaji walioirekodi majumbani mwao. Mvumo wa kanda ukiondolewa kupita kiasi, maneno husikika kana kwamba yanatoka majini, na ni afadhali mvumo kidogo ubaki. Juu ya sauti hiyo huwekwa katuni, kama katika diski ya The Invasion ya mwaka 2006, au picha mnato alizopiga John Cura kutoka kwenye kioo cha televisheni wakati wa matangazo. Kipindi cha 3 cha The Web of Fear, ambacho hakikurudi na vile vya Jos, kilitolewa kwa picha mnato mwaka 2014 na kwa katuni mwaka 2021. Katuni huonyesha mwendo wa kubuniwa, ilhali picha za Cura, ingawa zimetulia, zinaonyesha nyuso na mwanga uleule wa studio, na kwa sababu hiyo diski inayoziacha nje haijakamilika hata katuni yake ikiwa nzuri.