Utani na Deni Lake

Shuleni, msomaji wangu kijana, umefundishwa kulihukumu shairi. Waulizwa kama vina vimetimia, kama mizani imelingana, kama maana imekaa mahali pake. Umefundishwa pia kuihukumu hadithi na mchezo wa kuigiza. Lakini uko utungo mmoja unaousikia kila siku, nao haupimwi na mtu: utani wa siasa na makabila. Mtu akiutoa, wenziwe hucheka au hununa, kisha kila mmoja hurudi katika shughuli zake. Mimi naona utungo huu wastahili hakimu kama utungo mwingine wowote, kwa kuwa una mtunzi, una wasikilizaji, una uzuri na ubaya wake. Tena hasara yake yaweza kuwa kubwa. Shairi bovu humwaibisha mtunzi peke yake; utani mbovu hulipwa na jirani.

Mifano yangu nitaitoa Kimbo. Kimbo ni kitongoji kilicho kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, ukishaupita mji wa Ruiru na kabla hujafika Juja. (Wageni hulicheka jina hilo, maana ni jina pia la mafuta ya kupikia yaliyozoeleka katika majiko ya Kenya. Na wacheke, huo ni utani usiomdhuru mtu.) Nchi ya pande zile ilikuwa ya mashamba makubwa ya kahawa na mkonge, sasa ni nchi ya nyumba za kupanga. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu katika mji wa Ruiru watu 238,858. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Watu hawakuzaana upesi hivyo. Walihamia, nao walitoka kila pembe.

Basi katika ploti moja utamkuta mwashi wa Busia, mlango wa pili muuza mitumba wa Murang'a, wa tatu bawabu wa Kitui, wa nne mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka Kisii, na wa tano kijana wa bodaboda aliyezaliwa Kericho. Bomba lao ni moja, choo chao ni kimoja, na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Watu wanaoishi hivyo wasipotaniana watagombana. Hawajuani utoto wao, hawana shangazi mmoja wala mjomba mmoja wa kuwapatanisha; mahali pa kuanzia mazungumzo ni kabila, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza wanalolijua kwa sauti ya mtu na kwa jina lake. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaotaka utani huu ukomeshwe wote. Ukiufunga mlango huo, wengine hawatakuwa na mlango wowote wa kuingilia.

Sasa tuutazame utungo wenyewe. Kimoja katika vichekesho vya zamani ni kile cha Mkikuyu aliyelala kitandani asijulikane kama amekufa au yu hai. Daktari hamgusi. Anaidondosha sarafu sakafuni. Maiti asipogeuka kuitazama, basi amekufa kweli. Kama ufundi, kichekesho hiki ni kizuri: ni kifupi, kina kitu kimoja tu, na kitu hicho ni kidogo chenye mlio unaousikia sikioni. Zaidi ya hayo, mimi nimekisikia kwa Wakikuyu wenyewe wakijicheka. Linganisha na maneno haya: "Wakikuyu wanapenda pesa." Hapa hakuna sarafu, hakuna daktari, hakuna kitanda. Kilichobaki ni hukumu tupu, na msemaji wake hakujisumbua hata kidogo. Ndivyo yalivyo maneno kwamba Mluhya huishi kwa kuku na ugali, kwamba Mjaluo hukopa ili ajionyeshe, kwamba Mkamba ana hirizi mfukoni, kwamba mtu wa pwani amezaliwa amechoka. Msemaji hakumtazama mtu aliye mbele yake. Aliletewa picha iliyokwisha chorwa na wengine, naye akaitundika. Kosa la kwanza la utani wa namna hiyo ni uvivu, na uvivu katika utungo ni kosa hata kabla hatujafika kwenye maadili.

Yuko msanii mmoja aliyefanya vingine. Kwa miaka mingi Wakenya walimtazama katika mchezo wa televisheni uitwao Vitimbi mzee aliyeitwa Ojwang', akiongea Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Mwigizaji huyo, aliyefariki mwezi Julai 2015, aliitwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Wengi walistaajabu walipojua. Mkikuyu amwigize Mjaluo miaka yote hiyo, katika nchi ambayo makabila hayo mawili yamekuwa yakishindania serikali, na watu wa pande zote wampende! Siri yake ni nini? Nadhani ni hii: Ojwang' hakuwa Wajaluo. Alikuwa mzee mmoja, mume wa Mama Kayai, mwenye visa vyake mwenyewe na hasira zake mwenyewe. Lafudhi ilikuwa vazi lake. Ili kulivaa vema ilimpasa mwigizaji asikilize kwa makini jinsi jirani zake wanavyosema, na anayemsikiliza mtu kwa makini hivyo ni vigumu kumdharau. Wachekeshaji wengi waliokuja baadaye waliichukua lafudhi wakamwacha mtu.

Utani wa siasa una jambo lake jingine, nalo ni kwamba hugeuka kila upepo unapogeuka. Mwezi Februari 2023, huko Kericho, Naibu wa Rais wa wakati ule, Rigathi Gachagua, aliifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa. Tangu siku hiyo neno "hisa" liliingia katika kila kibanda cha chai. Mwezi Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa katika cheo chake, na wakati huo baadhi ya watu wa chama cha Raila Odinga, waliokuwa wapinzani, walikwisha kuingia katika baraza la mawaziri. Hebu fikiria foleni ya maji baada ya hapo. Mzee wa Murang'a asema, "Shemeji, leo mna hisa ngapi huko serikalini?" Naye shemeji, ambaye kwao ni Siaya, ajibu, "Zetu zi tele, mzee; ninyi mliouza zenu Oktoba hamkubakiwa hata na risiti." Foleni nzima hucheka, na mzee hucheka kuliko wote, kwa sababu aliuchokoza mwenyewe na amejibiwa sawasawa.

Majibizano hayo mimi nayapa alama nzuri. Kwanza, wote wawili wanasema, hakuna aliyenyamazishwa. Pili, kinachochekwa ni wanasiasa waliouza na walionunua, pamoja na sisi tunaowapigia makofi. Tatu, neno "shemeji" halikuwekwa pale bure: linamwambia yule mwingine kwamba hata baada ya maneno makali yeye ni wa nyumbani.

Ukiwa na kumbukumbu, historia yenyewe itakuonyesha jinsi picha zile za makabila zilivyo dhaifu. Mwaka 2007 Raila Odinga na William Ruto walikuwa chama kimoja dhidi ya Mwai Kibaki. Mwaka 2013 Ruto alikuwa pamoja na Uhuru Kenyatta dhidi ya Raila. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mikono. Mwaka 2022 Ruto alimshinda Raila, naye Raila aliungwa mkono na Uhuru, hali wapiga kura wengi wa Mlima Kenya walimfuata Ruto. Kila mara wakubwa walipohama, mizaha ilihama nao. Watu walioitwa wakorofi waligeuka kuwa ndugu. Walioitwa ndugu walionekana ghafula kuwa wana hila tangu kuzaliwa. Sasa nakuuliza: kama hila ingalikuwa katika damu ya kabila, ingewezaje kuingia na kutoka kwa ratiba ya uchaguzi? Mwezi Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakijitangaza kuwa hawana kabila, Githurai nayo, iliyo kati ya Kimbo na Nairobi, haikubaki nyuma. Siku hizo wale waliozoea kusema kwamba mawe na maandamano ni kazi ya kabila moja tu hawakuwa na la kusema.

Kuna watakaoniambia, "Mwalimu, huo ni mzaha tu, kwa nini uupime kwa mizani ya dhahabu?" Jawabu langu limo katika mwaka wa 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Wengine walikimbia mashamba ya Bonde la Ufa. Wengine, wenye asili ya magharibi, walifukuzwa katika vyumba vyao vya kupanga upande huu wa kwetu, na mamia yao walijihifadhi katika kituo cha polisi cha Tigoni, karibu na Limuru, ambako leo ni Kaunti ya Kiambu. Sisemi kwamba vichekesho viliwaua watu. Waliua watu wenye mapanga na mioto, na nyuma yao walikuwako waliowachochea. Lakini mwenye panga alihitaji kwanza kusadiki kwamba jirani yake si fulani bali ni wale, na kazi hiyo ilikuwa imefanywa kidogo kidogo kwa miaka mingi, watu wakicheka.

Hapa nakuomba utumie sarufi yako. Baada ya maafa yale Bunge lilipitisha, mwaka ule wa 2008, sheria ya utangamano wa taifa; anayechochea chuki ya kikabila aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kufungwa miaka isiyozidi 3, au vyote viwili. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilitangaza mwezi Aprili 2022 orodha ya maneno ya kuepukwa wakati wa uchaguzi. Miongoni mwake yamo "madoadoa", "kwekwe", "mende" na "wakuja". Yatazame kwa ngeli zake. Mkikuyu, Mjaluo na Mkalenjini wako katika ngeli ya watu: huyu amekuja, hawa wamekuja. Doa liko katika ngeli nyingine: limeonekana, yameonekana, yaondolewe. Kwekwe ni magugu, na magugu kazi yake ni kung'olewa. Mende amebaki katika ngeli ya wenye uhai, lakini kila mtu ajua afanywavyo mende. Mkuja ndiye peke yake aliyeachiwa utu wake, walakini amenyang'anywa nyumba. Ukisikia mzaha unaomtoa jirani katika ngeli ya watu, usingoje tume ikuletee orodha. Hapo mzaha umekwisha, hata kama watu bado wanacheka.

Wazee wa Tanganyika waliujua mpaka huo vizuri kuliko sisi, nao waliuwekea utani kanuni. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Wanyamwezi waliokuwa wakiteremka pwani na misafara ya biashara walitaniana na Wazaramo. Katika miaka ya 1940 Mwingereza R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege huko Amani, aliandika juu ya desturi hiyo, akiona jinsi ilivyoenea. Mtani aweza kukutukana mbele ya wakwe zako, aweza kuchukua kitu chako, nawe hukasiriki. Lakini ukifiwa, mtani huyo huyo ndiye aliye na wajibu wa kuja kusaidia mazishi, na katikati ya kilio humwigiza marehemu hata wafiwa wacheke. Ruhusa ya kutukana imenunuliwa kwa kazi ya kuzika. Huku kwetu Kenya tuliichukua ruhusa, na mara nyingi tukaliacha deni.

Nasema mara nyingi, kwa sababu Kimbo yenyewe yanipinga. Mtu wa magharibi akifa katika ploti, mwili wake hauzikwi Ruiru. Hurudishwa nyumbani, safari ya usiku kucha, na gharama yake humshinda mjane. Hapo huletwa daftari la shule, na jirani mmoja hupita nalo mlango kwa mlango. Ukilifungua daftari la namna hiyo utaona majina ya nchi nzima, na mbele ya kila jina shilingi zake: 200, 500, 100, 1,000. Yule ambaye mwaka mzima aliwacheka watu wa ziwani kwa mazishi yao yasiyokwisha ndiye hupewa kazi ya kuhesabu, kwa kuwa, kama anavyosema mwenyewe, "fedha mpeni Mkikuyu, hata sumni haitapotea." Wafiwa hucheka na machozi yao. Kisha huhesabu mara mbili, hufunga noti kwa mpira, na basi likija saa mbili za usiku yeye naye hupanda, ameikunja blanketi kwapani.