Ekari 23 Zilizonunuliwa kwa Sindano

Vikundi vya akina mama wanaoshona ili kusaidia wenye shida vipo kila pembe ya dunia, na mara nyingi sifa yao hutokana na hesabu ya walichogawa: mablanketi kadhaa hospitalini, nguo kadhaa kwa yatima. Freedom Quilting Bee, ushirika wa wanawake Weusi wa kata ya Wilcox katika jimbo la Alabama, Marekani, ulifanya jambo zito zaidi. Uliwapatia watu waliofukuzwa ardhi ya kujenga. Inafaa tuangalie namna wanawake hao, ambao mtaji wao ulikuwa sindano na viraka, walivyofika hapo.

Tuanze na mfarishi wenyewe, maana ndani ya ufundi wake ndimo ushirika ulimozaliwa. Mfarishi una matabaka matatu: juu vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Matabaka hayo hutandazwa na kuvutwa kwenye fremu ya mbao, wanawake wakaketi pande zote na kupitisha sindano kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, ili pamba isihame wala isikusanyike pembeni. Kuunga vipande vya juu ni kazi ya mtu mmoja. Rangi na mpangilio ni hiari yake. Kushona kwenye fremu ni kazi ya wengi, leo kwako, kesho kwa jirani. Familia za Gee's Bend, Rehoboth na vijiji vingine vya Wilcox, wengi wao wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba, zilifanya hivyo kwa vizazi. Suruali zilizochakaa shambani na magunia ya unga viligeuzwa matandiko ili watoto wasilale na baridi. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kuwafundisha wanawake hawa kufanya kazi pamoja.

Walichokosa ni soko. Na mwaka 1965 walihitaji fedha kuliko wakati wowote. Hadi mwanzoni mwa mwaka huo, katika kata ambayo wakazi wake wengi walikuwa Weusi, hapakuwa na Mweusi hata mmoja kwenye daftari la wapiga kura. Walipoanza kujiandikisha, wenye mashamba Wazungu waliwatoa wapangaji wao nyumbani. Familia zikabaki bila kazi na bila paa.

Mwishoni mwa mwaka huo kasisi mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, aliyekuwa akifuatilia mateso hayo, aliona mifarishi imeanikwa kwenye kamba. Alipata msaada wa dola 700 na kwa fedha hizo akanunua mifarishi kwa dola 10 mmoja, bei kubwa kwa wakati ule na mahali pale. Tarehe 26 Machi 1966 washonaji zaidi ya 60 walikutana na kuanzisha ushirika. Siku ya pili mnada wa kwanza ukafanyika New York, na mifarishi ikauzwa kwa wastani wa dola chini kidogo ya 30.

Hapa ndipo vikundi vingi huharibikiwa. Mnada wa kwanza hununuliwa na watu wenye huruma, na huruma haina oda ya pili. Washonaji wa Wilcox walilielewa hilo mapema. Estelle Witherspoon, aliyeusimamia ushirika kwa miaka mingi, na wenzake walikubali kubadili namna ya kushona ili wauze kwenye maduka makubwa kama Bloomingdale's. Mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Mteja wa duka anaagiza mifarishi kumi akitaka wa kumi ufanane na wa kwanza: kipimo kile kile, kitambaa kipya kisichochuja rangi, mishono midogo inayolingana, pindo lililonyooka. Mwanamke aliyezoea kukata kipande kwa jicho, akaongeza ukanda mwekundu kwa sababu nyekundu ndiyo iliyobaki, sasa alikata kwa kiolezo. Mishono mirefu ilifumuliwa. Mitindo ya kuuza ikawa michache, iliyochaguliwa na kurudiwa.

Wapo wapenzi wa sanaa wanaosikitikia hatua hiyo, na ninawaelewa. Mifarishi ya Gee's Bend iliyowashangaza watazamaji wa jumba la sanaa la Whitney mjini New York mwaka 2002, na ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani mwaka 2006, ni ile ya hiari, yenye mistari inayopinda na rangi zinazogongana. Ushirika usingeweza kuiuza dukani. Lakini anayelalamika aangalie mpangilio wote. Kiolezo kilikaa kwenye karakana. Nyumbani kila mmoja aliendelea kushona apendavyo. Tena karakana ililisha nyumba. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kampuni ya Sears wa kushona foronya za koduroi, na masalia ya kitambaa hicho, kijani cha parachichi, dhahabu, nyekundu, yakachukuliwa na wanawake. Baadhi ya mifarishi inayosifiwa leo kwenye majumba ya sanaa imetokana na vipande hivyo vya kiwandani.

Fedha zilikwendaje? Sehemu ilikuwa ujira, na kwa wengi huo ulikuwa ujira wa kwanza ulioingia mkononi mwao bila kupitia kwa mwenye shamba. Lakini ushirika haukugawa kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulinunua ekari 23. Juu yake ukajenga karakana yake, iliyopewa jina la Martin Luther King, na baadaye ukawa na mahali pa kulelea watoto ili mama ashone bila wasiwasi. Viwanja vingine uliziuzia familia zilizofukuzwa kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mfarishi uliogawiwa humfunika mtu mmoja. Ardhi yenye hati humwezesha mtu kupiga kura bila kuogopa kwamba kesho atatolewa nje.

Udhaifu ulikuwepo pia, nao haufai kufichwa. Oda za foronya zilileta mshahara wa uhakika, lakini ziliufanya ushirika utegemee mnunuzi mmoja mkubwa. Washonaji walizeeka, vijana wakahamia mijini, na mwaka 2012 milango ikafungwa.

Hata hivyo miaka 46 si haba kwa ushirika ulioanza na mifarishi iliyonunuliwa kwa dola 700. Ninawaomba akina mama walio kwenye vikundi vya ushonaji, na wafadhili wanaowatembelea, wachukue hatua za Wilcox kwa mfuatano wake: kwanza ujuzi ambao tayari upo, kisha kipimo ambacho mnunuzi asiyewajua atakikubali, na sehemu ya faida iwekwe kando kununua mali itakayoandikwa kwa jina la kikundi. Watafute na wanunuzi zaidi ya mmoja mapema, kabla oda ya yule mkubwa haijakatika.