Jengo la 30 Juin: teatri iliyogeuka bunge

Vijana tunaowafundisha hapa Lubumbashi wanapopita mbele ya Jengo la 30 Juin, wanaona Bunge la jimbo tu, nyumba ya waheshimiwa. Wanashangaa tukiwaambia kwamba pale palijengwa kwa ajili ya muziki na michezo. Ilikuwa teatri ya mji wa Elisabethville, kazi ya Mbelgiji Claude Strebelle, iliyojengwa kati ya 1953 na 1956.

Kwa upande wa ujenzi hatuna la kulaumu. Ni kati ya majengo mazuri ya mji wetu. Lakini tuulize: lilijengewa nani? Wakati ule mji ulikatwa vipande viwili. Wazungu walikaa katikati, Weusi katika masite: Albert (leo Kamalondo), Kenya, Katuba. Usiku, Mweusi hakutembea katika mji wa wazungu pasipo karatasi ya ruhusa. Na teatri huanza saa ngapi? Usiku!

Muziki wenyewe haukungojea sali. Mwaka 1952, kazi ya ujenzi haijaanza bado, Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke akipiga gitare barabarani kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. "Masanga" yake ikaenda mbali sana. Hata wapiga gitare wa Kenya (nchi, si komini yetu) walijifunza kwake. Gitare kubwa ya Katanga ilizaliwa katika mavumbi, si chini ya taa za jukwaa.

Ndiyo maana hatukubaliani sawasawa na wale wanaolia kwamba siasa ilituibia teatri. Haikuwa yetu sana. Uhuru ulitupa jina, la siku yetu kubwa ya 1960. Jina tulipata, sali hatukupata. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo, mabingwa wa mchezo kwa Kiswahili cha hapa kwetu, walicheza mchezo wao juu ya namna mamlaka yanavyoliwa. Waliuchezea wapi? Kijijini Kawama, nje ya mji. Mchezo wenye kusema juu ya wakubwa ulikaa kijijini. Sali iliyojengewa michezo, leo wakubwa ndio wanasemea humo.

Sisi walimu tunaona matokeo yake. Korali na vikundi vya ngoma vinajifunza katika masali ya paruasi na madarasa yenye mwangwi, mtoto mwenye sauti nzuri anapiga kelele ili ashinde jenereta ya jirani. Namna ya kusimama mbele ya watu, ya kutupa sauti mpaka kiti cha mwisho, ataijulia wapi?

Hatuombi waheshimiwa wahame. Bunge la jimbo lina vipindi viwili vya kawaida kwa mwaka, na katikati yake kuna majuma mengi. Wafungue mlango siku za Posho jioni, bei iwe ya mwanafunzi, na waanze na wapiga gitare wazee wa Kamalondo na Katuba, wangali hai.