Boga la Tani Moja: Mizani Inapima Nini Hasa?

Tarehe 4 Oktoba 2025, mapacha wa Uingereza, Stuart na Ian Paton, walipandisha boga lao kwenye mizani. Ikasoma kilo 1,278.8. Hiyo ni rekodi ya dunia, na imeipiku ile ya Travis Gienger wa Marekani, ambaye mwaka 2023 alifika Half Moon Bay, California, na boga la kilo 1,247. Picha zilisambaa, watu wakacheka, wakaendelea na mambo yao.

Sisi tubaki hapo kidogo. Mashindano haya ni jaribio kubwa la kuzalisha mbegu, ila linafanyika bustanini badala ya maabara. Kila mwaka mbegu za washindi ndizo zinazotafutwa na kupandwa tena. Kwa hiyo anayeamua zawadi iende wapi anaamua pia mmea uelekee wapi. Je, anaamua vizuri?

Tuanze na sifa, maana zipo. Kigezo kikuu ni uzito, basi. Boga likiwa bado shambani, mkulima hukadiria kilo kwa futi kamba: anapima mzunguko, upande hadi upande kupitia juu, na kikonyo hadi kitako, kisha anaangalia jedwali. Lakini maboga mawili yenye vipimo vilevile yanaweza kupishana sana, kwa sababu moja lina nyama nene na jingine nyembamba. Kamba haioni ndani. Mizani inaona, na mizani haina mjomba.

Sheria ya pili nzuri ni ya ufa. Chini ya kanuni za Great Pumpkin Commonwealth, chama kinachosimamia mashindano mengi ya aina hii, boga lenye ufa au tundu linalofika kwenye uwazi wa ndani haliingii kwenye ushindani. Linabaki la maonyesho tu. Inauma, kwa sababu ufa mdogo unaweza kufuta kazi ya msimu mzima. Hata hivyo naitetea. Boga kubwa likinenepa kwa kasi linaweza kupasuka, na sheria hii ndiyo breki pekee iliyopo. Bila yake tungezawadia mmea unaojipasua wenyewe.

Sasa lawama. Ya kwanza ni makundi ya rangi. Yenye rangi ya krimu, njano hadi chungwa yanashindana peke yake; ya kijani, kijivu au bluu yana kundi lake na jina lake la Kiingereza. Kiswahili hakina tabu hiyo: yote ni maboga. Biolojia nayo inakubaliana na Kiswahili, maana yote ni spishi moja, Cucurbita maxima. Yaani jaji anatenganisha ndugu kwa rangi ya ganda.

Ni mpaka wa kiholela, lakini nisingeufuta. Mwaka 2017 Joe Jutras wa Rhode Island aliweka rekodi ya kundi la kijani kwa ratili 2,118, karibu kilo 961. Wakati huo rekodi ya yale ya chungwa ilikuwa kilo 1,190.5. Pengo la zaidi ya kilo 200! Wote wangeshindania kikombe kimoja, nani angehangaika na mbegu za kijani? Kundi lisilo na mantiki ya spishi linasaidia kutunza utofauti wa jeni. Walioliweka wangelitetea kwa sababu hiyo, ningewapigia makofi.

Lawama ya pili ni zawadi ya uzuri. Ipo, na tuzo ya boga zuri inabeba jina la Howard Dill, mkulima wa Nova Scotia, Kanada, aliyezalisha mbegu ya Atlantic Giant ambayo majitu ya leo yanatokana nayo. Heshima nzuri, lakini fizikia inaifanyia mzaha. Mwaka 2011 David Hu na wenzake wa Georgia Tech walionyesha kwamba boga likikua sana, uzito wake wenyewe unalibonyeza wakati linaendelea kukua, na ndiyo maana majitu yanalala bapa kama unga uliokandwa ukaachwa. Kwa hiyo zawadi kubwa inavuta mbegu kuelekea ubapa, halafu zawadi ndogo inasifia uviringo. Huwezi kuvuta kamba pande mbili kisha ushangae haisogei.

Lawama ya tatu ndiyo kubwa. Half Moon Bay wamekuwa wakimlipa mshindi dola 9 kwa kila ratili. Mwaka 2022 bingwa wa ratili 2,560 alipata dola 23,040. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya boga ni maji. Tunalipia nini, basi?

Utafiti wa Jessica Savage na wenzake, uliochapishwa 2015, ulilinganisha majitu na ndugu zao wa kawaida. Majani ya majitu hayakuwa hodari zaidi katika usanisinuru. Tofauti ilikuwa kwenye floemu, mishipa inayosafirisha sukari: majitu yanayo nyingi zaidi. Miongo ya kuchagua kwa mizani haikuboresha kiwanda, ilipanua barabara ya kupeleka mzigo kwenye tunda moja. Ni matokeo ya kuvutia sana kisayansi, lakini hakuna jaji aliyeyakusudia.

Wenzetu wanaozalisha mbegu za mihogo walishajifunza hili. Hawaishii kwenye uzito wa mizizi mibichi. Wanapima pia asilimia inayobaki maji yakiondolewa, kwa sababu mkulima hauzi maji. Kwenye maboga ni rahisi zaidi, maana mshindi hupasuliwa hata hivyo ili kutoa mbegu. Chukua kipande, kikaushe, kipime. Ongeza mambo mawili kwenye karatasi ya usajili: eneo la shamba na maji yaliyotumika. Halafu toa zawadi moja tu mpya, kilo kavu kwa mita ya mraba. Zile za zamani zibaki, watu waendelee kushangilia tani zao.

Sasa hivi mbegu ya mashindano hupewa jina kwa uzito wa boga, jina la mkulima na mwaka. Hakuna neno kuhusu majani, mizizi wala udongo uliolibeba. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Waandaaji wamependa boga, tena wamelipenda kwa ratili. Ua, jani na mzizi bado havijawa na mahali kwenye fomu, na mbegu za msimu ujao zinachaguliwa kwa fomu hiyohiyo.

Wewe ungeongeza kundi gani? Tuandikie, ila utuambie utalipimaje.